Msanifu anayerudi kwao: jibu kwa binti wa Ujiji

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Ujiji, nasoma usanifu majengo Dar es Salaam na nimebakiza mwaka mmoja kumaliza. Nia yangu ni kurudi Kigoma nikafanye kazi kwa watu wa kwetu. Baba yangu mdogo, ambaye ni fundi mwashi na ndiye aliyenilea, ananiambia kwamba nikirudi nitakaa bure, kwa kuwa watu wa kwetu hujengewa na fundi na ramani fundi anayo kichwani. Je, msanifu aliyeamua kuitumikia jamii yake anaishi maisha ya namna gani, anafanya nini hasa siku hadi siku, na anakula nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni kwamba anayekutilia shaka ni fundi mwashi aliyekulea, mtu ambaye bila shaka mikono yake imejenga sehemu ya mtaa mnaoishi. Mtu wa namna hiyo hapingwi kwa maneno ya darasani. Nimefanya kazi ya usanifu katika mkoa wetu kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona na niliyoyakosea, na kwa maisha ya mama mmoja wa nchi ya mbali ambayo hunisaidia kulieleza jambo hili kila ninapoulizwa.

Baba yako mdogo amesema kweli kuhusu hali ilivyo. Nyumba nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji zimeinuliwa na fundi na mwenye nyumba bila msanifu kukanyaga kiwanjani, na nyingi zimesimama vizuri hadi leo. Anachokosea ni kudhani kwamba msanifu anakuja kumnyang'anya ile ramani ya kichwani. Ramani hiyo naifahamu: korido katikati, vyumba viwili upande huu, sebule na chumba kimoja upande wa pili, madirisha ya ukubwa mmoja pande zote, na bati juu. Fundi huitwa wakati tofali zimeshafika, na hulipwa kwa kazi mliyopatana. Hakuna anayemlipa ili akae siku tatu na familia akiuliza nani analala mchana, nani anapika wapi na kwa kuni gani, mgonjwa atalazwa upande upi, na maji ya mvua yatateremkia kwa nani. Maswali hayo yakikosa mwenyewe, nyumba ya mvuvi, ya mwalimu na ya mama muuza dagaa zinatoka sawasawa kama zimefyatuliwa katika kalibu moja. Msanifu anayekaa na watu wake ndiye anayebeba maswali hayo, na kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya kazi yake huwa imekwisha kabla jembe la kwanza la msingi halijagusa ardhi.

Mama ninayemsema ni Yasmeen Lari wa Pakistan, aliyezaliwa mwaka 1941. Alisomea usanifu Uingereza, akarudi nyumbani, na mwaka 1964 akafungua ofisi yake Karachi, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya usanifu majengo katika nchi hiyo. Katika kazi zake za awali za makazi ya watu wa kipato cha chini, akina mama waliotarajiwa kuhamia humo walitaka kujua kuku wao wangekaa wapi, na yeye akalichukua swali hilo kwa uzito uleule ambao angelichukua swali la mwenye benki. Makazi ya Angoori Bagh huko Lahore, aliyoyasanifu miaka ya 1970, yana nyua na vibaraza vya wazi vya juu ambapo familia inaweza kupika, kukaa na kufuga. Baadaye alipata kazi kubwa za majengo ya fedha na mafuta mjini Karachi, majengo ya zege na vioo ambayo yangemtosha mtu yeyote kuwa jina lake, na mwaka 2000 akastaafu ofisi.

Mimi huyahesabu maisha yake tangu hapo. Tetemeko la ardhi la Oktoba 2005 lilipobomoa vijiji vya milimani kaskazini mwa Pakistan, alikwenda huko akiwa na miaka zaidi ya 60, akawasaidia watu kujenga upya kwa mawe na mbao za nyumba zao wenyewe zilizoanguka, kwa udongo na chokaa, badala ya kungoja saruji ambayo wengi wasingeimudu. Baada ya mafuriko ya 2010 alitumia sana mianzi katika kazi hiyo, akajenga na kufundisha watu kujenga, yakiwemo majengo yanayoinuliwa juu ya ardhi ili maji yapite chini. Amewafundisha pia wanawake wa vijijini kutengeneza majiko ya udongo na chokaa yaliyo juu ya jukwaa, yenye bomba la kutolea moshi, na wale waliojifunza huwajengea wengine kwa malipo madogo, hivyo ujuzi unakuwa kipato chao. Mwaka 2023 Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo ya Uingereza ilimtunuku Medali ya Dhahabu ya Kifalme. Nakuomba uyaangalie kwa makini yale majiko, maana hapo kuna funzo ambalo vyuo vyetu havilitilii mkazo: msanifu mkubwa alikubali kwamba jiko la mama, kimo chake, moshi wake na mahali anapoinamia, ni kazi ya usanifu iliyo kamili.

Sasa turudi Kigoma, kwa sababu maisha ya msanifu wa jamii ni ya mahali, na mahali petu pana mambo yake.

Ziwa liko magharibi yetu. Kila anayejenga anataka dirisha linalolitazama ziwa, na kila dirisha linalolitazama ziwa linatazama pia jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, ambalo huingia likiwa limelala, huku mng'ao wa maji ukiliongezea nguvu. Sisi tuko takribani nyuzi tano kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita juu ya utosi mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi mingine huinama kidogo kaskazini au kusini, kiasi ambacho ukingo wa paa uliotokeza vizuri unatosha kulizuia. Jua la magharibi halizuiwi na ukingo wa paa, kwa kuwa linakuja likiwa chini ya ukingo huo. Linazuiwa na baraza pana, na mti, na ukuta wenye matundu, na kwa busara ya kulipunguza dirisha lenyewe. Waliotutangulia walilijua hilo. Nenda kalitazame jengo la stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli ya kati iliyofika ziwani mwaka 1914, uone jinsi matao na baraza zake zinavyoliacha jua nje ya ukuta wa ndani. Kisha nenda nyumba za zamani za Ujiji, ambako baraza la mbele ni la wageni na mazungumzo, na ua wa nyuma ni wa akina mama, jiko na kisima.

Nilikosea hapo hapo, na nakusimulia ili usirudie. Katika miaka yangu ya mwanzo nilisanifu wodi ndogo ya wazazi katika kijiji kimoja cha mwambao. Nilitaka mama aliyetoka kujifungua alione ziwa akiwa kitandani, nikapanga madirisha mapana upande wa magharibi, na siku ya kukabidhi kila mtu aliyasifu. Miezi minne baadaye nilipita kijijini kwa kazi nyingine. Nilikuta madirisha yote yamezibwa kwa khanga zilizofungwa kwenye nondo, vitanda vimesukumwa vikabanana ukuta wa mashariki, na wodi ikiwa na giza na joto kwa pamoja, maana khanga zile zilizuia jua na upepo vilevile. Muuguzi aliniambia kwa upole kwamba kuanzia saa tisa watoto wachanga walikuwa wakilia kwa joto. Hakuna aliyeniandikia barua ya malalamiko. Kama nisingepita pale, ningeendelea kuionyesha picha ya siku ya makabidhiano kama kazi yangu nzuri kuliko zote. Tuliongeza baraza lenye upana wa mita mbili na nusu upande ule, kwa nguzo za matofali na bati, tukaziba nusu ya kila dirisha kwa matofali yenye matundu, na wanakijiji wakapanda miembe mbele yake. Khanga zilitolewa. Tangu wakati huo sijawahi kukabidhi jengo bila kupanga siku ya kulirudia, mara moja katika kiangazi na mara moja katika masika, na gharama ya safari hizo naiingiza kwenye bei yangu tangu mwanzo. Ndiyo faida kubwa ya kufanya kazi kwenu: msanifu wa mbali huziona picha, wewe utaziona khanga.

Kanuni za jua nazo zina maisha ya watu ndani yake. Vitabu vitakuambia vyumba vya kulala vikae mashariki, ambako jioni ni baridi. Lakini mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga hutoka jioni na taa zake, huvua usiku kucha siku zisizo na mbalamwezi, na hurudi alfajiri. Usingizi wake ni wa saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Ukimpa chumba cha mashariki umemlaza juani. Chumba chake kinafaa kuwa magharibi, ambako kabla ya adhuhuri kuna kivuli na ubaridi, kiwe na dirisha dogo linalofungika kwa ubao, na kiwe mbali na ua ambako mkewe na majirani wanahangaika na chanja za kuanikia. Sikulipata hili katika kitabu chochote. Nilielezwa na mke wa mvuvi, ambaye alishangaa kwamba mtu aliyesoma kiasi changu hakulifahamu.

Kwa hiyo, ukiniuliza ninafanya nini siku hadi siku, kwanza nasikiliza, na ninazo njia zangu za kusikiliza. Karatasi yenye mistari mingi huwanyamazisha watu. Mtu mzima hataki kuonekana hajui kuisoma, naye atatikisa kichwa kukubali kitu ambacho hakukielewa. Nimeacha kuanza na karatasi. Naomba ndoo ya majivu ya jikoni, vigingi na kamba, na nyumba nzima tunaichora ardhini kwa kipimo chake halisi, kila ukuta mstari wa majivu, kila mlango pengo. Mwaka mmoja, hapo kwenu Ujiji, mama mmoja mjane ambaye watoto wake walikuwa wakimjengea aliingia katika nyumba ya majivu akiwa na ndoo tupu kichwani. Akatoka bombani kwa kukadiria, akapita mlango wa uani, akakunja kuelekea jikoni, akasimama. Akarudi nyuma, akapita tena, na safari hii akageuza bega. "Hapa sipiti," akasema. Mlango niliuweka karibu mno na kona ya ukuta wa stoo, na mtu mwenye ndoo kichwani hawezi kukunja pale bila kumwaga. Kwenye karatasi nisingeliona kosa hilo, na yeye asingekuwa na namna ya kuniambia. Tulifuta mstari kwa mguu, tukachora mwingine. Kuuhamisha ukuta wa majivu hakuna gharama. Ukuta wa tofali ungekula shilingi.

Baada ya kusikiliza linafuata jambo la vifaa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mkoa wetu umezoea tofali za kuchoma. Ni tofali nzuri zikiiva vizuri, na fundi wetu anazijua. Lakini kila tanuri linakula magogo, na magogo hayo yanatoka katika miombo ileile inayotupatia kuni, mkaa, asali na uyoga, katika mkoa ambao pia umewahifadhi wakimbizi wengi kwa miaka mingi, kambi ya Nyarugusu ikiwa imefunguliwa tangu 1996, na wao nao wanahitaji kupika. Msanifu anayesema anaipenda jamii yake na kila mchoro wake unadai tanuri jipya hajafikiri vya kutosha. Yako matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayokandamizwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini bila moto, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyafundisha sehemu nyingi nchini. Yanajipanga yenyewe, yanatumia udongo wa kuunganishia tofali kidogo sana, na kijana aliyefundishwa wiki mbili anaweza kuyafyatua kwa ubora.

Yanadai uangalifu, na uangalifu huo ndio kazi yako. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka. Wenye mchanga mtupu hubomoka pembeni. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ijaze udongo hadi theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho yake. Mchanga utalala chini, vumbi laini katikati, na mfinyanzi juu, na watu wote waliokuzunguka wataona kwa macho yao udongo wao una nini. Unachokitafuta ni mchanga kuzidi mfinyanzi kwa wazi. Unyevu nao unapimwa kwa mkono: finyanga kidonge, nyoosha mkono usawa wa bega, kiachie kianguke mahali pagumu. Kikisambaratika kuwa unga, maji ni machache. Kikibaki kipande kimoja kilichobapa, maji yamezidi. Kikivunjika vipande vichache, anza kufyatua. Kisha tofali zinafunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku saba bila kukosa, na ni bora zingojwe zaidi kabla ya kuinua ukuta. Ninayoyaona yameharibika, mara nyingi yameharibikia kwenye zile siku saba: mtu alikwenda msibani, ndoo ikakosa mshikaji, tofali zikakauka juani. Mpe mama mmoja kazi hiyo kwa malipo, si kwa kujitolea, na tofali zako zitaiva.

Wapo watakaokuambia kwamba udongo ni wa maskini. Usibishane nao sana. Waonyeshe jengo. Msanifu Francis Kéré alikijengea kijiji chake cha Gando, Burkina Faso, shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001, kwa tofali za udongo ulioongezewa saruji kidogo na kwa mikono ya wanakijiji, akaliinua paa la bati juu ya dari ili hewa moto ipite katikati. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker, tuzo ya kimataifa ya usanifu majengo. Lile pengo kati ya dari na bati ndilo darasa zetu nyingi zinalokosa, na ndilo linaloamua kama mtoto wa Buhigwe au Uvinza atasikia somo la saa saba mchana au atasinzia.

Jambo la tatu ni maji, na kwa Kigoma linaweza kukuajiri maisha yako yote. Mji wetu umekaa kwenye vilima. Tunapata mvua karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu yote inateremka kati ya Oktoba na Mei. Piga hesabu na mwenye nyumba: paa la mita 10 kwa 8 lina eneo la mita za mraba 80, na mvua moja nzito ya milimita 40 huteremsha kwenye paa hilo lita 3,200, yaani ndoo 160 za lita 20. Ndoo hizo zote zinakwenda kwa jirani wa chini, zinachimba msingi wake, zinakata njia ya watoto kwenda shule, na mwaka unaofuata ni korongo. Nyumba hiyohiyo ikiwa na mfereji wa bati na simtanki, sehemu ya maji inabaki kwa mama aliyekuwa akinunua dumu. Nimekaa vikao vingi zaidi na wenyeviti wa mitaa juu ya mfereji mmoja tu wa mawe unaopita viwanja sita, kuliko nilivyokaa juu ya jengo lolote, na sioni kama nilipoteza muda. Huko ufukweni nako, tuliona ziwa likipanda, na mwaka 2024 maji yakaingia katika makazi na maeneo ya biashara ya mwambao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji ziachwe. Mteja akikuomba umchoree ndani ya mita hizo, hata akiwa na fedha mkononi na wewe una njaa, mkatalie.

Umeniuliza unakula nini, na hapo siwezi kukupamba. Msanifu aliyetoka chuoni hawezi kufungua ofisi kesho yake. Sheria ya mwaka 2010 inataka usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kabla ya hapo ufanye mafunzo ya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa na kufaulu usaili wa Bodi. Kipindi hicho kitumie katika ofisi ya mjini iliyo na kazi nyingi, hata kama moyo wako uko Ujiji. Jifunze mikataba, jifunze kusoma hesabu za mkadiriaji, jifunze kusema hapana mbele ya mkandarasi. Ukirudi, jua kwamba kazi za kulipa Kigoma zipo lakini huja kwa mafungu: nyumba za wafanyabiashara, vibali vya ujenzi vinavyodai michoro, misikiti na makanisa, nyumba za wageni, majengo ya mashirika. Hizo toza bei yake kamili bila haya, kwa sababu ndizo zinazokuwezesha kukaa wiki nzima na kamati ya zahanati isiyo na kitu. Mimi nimejipangia kwamba kati ya kazi tatu, mbili zinalipa na ya tatu ni ya jamii, na hata hiyo ya tatu haiwi bure kabisa. Wanakijiji wakichanga nauli yangu na chakula, wanajiona wenye haki ya kunidai, na wanapaswa kunidai.

Kuna eneo moja ambalo ningependa uliingie mapema, nalo ni maboma. Unajua jinsi wananchi wanavyochangishana, wakasomba mawe na tofali, wakainua kuta za darasa au zahanati hadi usawa wa linta, ile boriti ya juu ya madirisha, kisha boma likangoja fedha za kuezekea, pengine miaka miwili, mvua zikilinyeshea. Halmashauri ikipata fedha, kazi inamaliziwa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, na mafundi wa palepale. Katika mnyororo huo wote, hatua ambayo msanifu angesaidia zaidi ni ile ya kwanza, siku ya kupiga kamba, na hiyo ndiyo siku ambayo haonekani kabisa. Nimeshuhudia boma lililoelekezwa magharibi kwa sababu barabara ilikuwa upande huo, na watoto wa darasa lile wamekaa na jua usoni tangu hapo. Kuligeuza siku ile kungegharimu saa moja ya kuhamisha vigingi. Ukijulisha watendaji wa vijiji vitano tu kwamba wakipanga kupiga kamba wakupigie simu, na ukafika kweli kila wanapokuita, utakuwa umefanya kwa mwaka kazi ambayo majengo yako ya kulipa hayatafikia. Utafika kwa bodaboda, utalala kwa mwalimu mkuu, na utakula ugali wa muhogo na migebuka kwa shukrani. Wakati mwingine utafika na kukuta kamba imeshapigwa jana. Itauma. Safari ijayo utakuwa umewahi.

Kwa mwanamke kuna uzito mwingine, nami nisingekuwa mkweli nikiupita. Kwa miaka ya mwanzo mafundi walikuwa wakimjibu dereva wangu pale nilipouliza mimi. Sikuwafokea. Nilibeba pimamaji na timazi zangu mwenyewe, na ukuta uliokwenda upande niliuonyesha kwa timazi, kimya, mbele ya fundi peke yake kabla sijauonyesha mbele ya kamati. Fundi akiaibishwa mbele ya watu umempoteza. Akionyeshwa faraghani ataubomoa mwenyewe, na wiki inayofuata atakuita kabla ya kuendelea. Kwa upande mwingine, kuna vyumba ambavyo msanifu mwanaume wa hapa asingeingia: jikoni, uani, katika wodi ya wazazi, kwa wajane walio edani. Mengi niliyoyajua kuhusu nyumba za watu wetu niliyapata nikiwa nimekaa kwenye mkeka uani, nikichambua dagaa na akina mama huku daftari likiwa pembeni.

Na sasa kuhusu baba yako mdogo. Usirudi nyumbani kumthibitishia kwamba alikosea. Likizo yako ijayo mwombe akuchukue kama kibarua wake kwa mwezi mmoja, uchanganye udongo, ubebe tofali, ushike kamba. Muulize ni nyumba zipi alizojenga ambazo yeye mwenyewe angezijenga tofauti akipewa nafasi ya pili, na kwa nini hakuzijenga hivyo mara ya kwanza. Fundi wa miaka mingi anazo nyumba kama hizo, anazijua moja moja, na pengine hakuna aliyewahi kumwuliza. Andika kila anachokuambia, pamoja na mtaa, upande jua linapoingilia na mahali maji yanapokwama, na mkitoka kazini jioni mwombe akupeleke mkazione. Ukimaliza mwezi huo niandikie, uniambie ni nyumba ngapi, na ipi mnadhani mnaweza kuirekebisha ninyi wawili kabla ya mvua za Oktoba.